Shahada ya mke wangu imetambuliwa, mbona bado hawezi kufundisha?

*"Mke wangu ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Ana shahada ya miaka 3 ya sayansi na ualimu, na amefundisha sekondari miaka 9. Mwaka jana tulihamia nchi nyingine kwa ajili ya kazi yangu. Tulipeleka vyeti vyake vikatathminiwe, ikarudi barua kwamba shahada yake ni sawa na shahada ya kwanza ya huku. Tukafurahi. Lakini alipoomba kazi akaambiwa hana leseni, na bodi ya walimu inataka barua ya hadhi njema, maelezo ya mazoezi ya kufundisha na mtihani wa lugha. Chuo alichosoma kimeshaunganishwa na chuo kingine. Afisa wa chuo kimoja cha huku amemshauri asome ualimu upya, miaka 2. Wakati huohuo kuna shule inamtaka awe msaidizi wa mwalimu. Ameanza kukata tamaa, anasema bora atafute kazi yoyote ile. Je, shahada yake ina thamani au haina? Asome upya? Na mimi nimsaidieje?"*

Ndugu msomaji,

Shahada ya mkeo ina thamani, na barua mliyoipata ni ya kweli. Ila barua hiyo inajibu swali moja, na shule iliuliza jingine. Aliyetathmini vyeti aliulizwa: elimu hii ina kiwango gani ikilinganishwa na elimu ya nchi hii? Akajibu: shahada ya kwanza. Bodi ya walimu inauliza: je, sheria inaruhusu mtu huyu akabidhiwe darasa la watoto, yeye peke yake, afundishe masomo haya? Hilo bado halijajibiwa kwa sababu hamjaliwasilisha rasmi. Kwa hiyo mkeo hajakataliwa. Hajaomba bado, na tafadhali mwambie hivyo leo, maana naona huzuni yake imetokana na kuamini kwamba ameshahukumiwa.

Wengi hukwama hapohapo. Australia kuna taasisi ya taifa, AITSL, inayotathmini walimu kwa ajili ya viza za ujuzi. Mwalimu akishapata tathmini hiyo bado anatakiwa kusajiliwa na mamlaka ya jimbo atakakofundisha: New South Wales ina yake, Victoria ina yake. Kanada haina wizara ya elimu ya taifa zima. Kila mkoa una utaratibu wake, na Ontario kazi hiyo inafanywa na Ontario College of Teachers. Ujerumani ina majimbo 16, na mamlaka ya elimu ya jimbo husika ndiyo inayoamua. Marekani leseni hutolewa na jimbo. Hata ndani ya Uingereza yenyewe, England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vyombo tofauti. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyefaulu jimbo jingine, hata ndani ya nchi hiyohiyo, unaweza kuwapoteza kabisa.

Kazi ya kwanza, basi, ni kupata jina la chombo kimoja tu: kile chenye mamlaka ya kisheria kusajili walimu wa sekondari mahali mnapoishi. Mkiwaandikia, tajeni mambo matatu: umri wa wanafunzi anaotaka kuwafundisha, masomo yake, na aina ya shule. Majibu hubadilika kwa kila kimojawapo. Kuna nchi ambako shule ya serikali inadai usajili kamili na shule binafsi haidai, na kuna ambako zote zinadai.

Mtasikia pia watu wakisema kuna mkataba wa kimataifa unaolazimisha nchi kutambua vyeti vya nje. Mikataba ipo. Ule wa Lisbon ni wa mwaka 1997, na mkataba wa dunia nzima wa UNESCO ulipitishwa 2019 ukaanza kutumika 2023. Lakini inahusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, na haimpi mtu leseni ya taaluma inayosimamiwa na sheria. Hata hivyo ndani yake mna kanuni moja ninayotaka muishike: anayekataa kutambua sifa ya mtu anapaswa kuonyesha kwamba kuna tofauti kubwa ya msingi. Hata pale ambapo mkataba hauifungi bodi ya walimu, ni haki na ni busara kuomba vivyo hivyo: mtuonyeshe tofauti iko wapi, kwa maandishi.

Hapo ndipo ninapoujibu ushauri wa kusoma upya miaka 2. Aliyeutoa ni afisa wa chuo, na kazi yake ni kudahili wanafunzi. Simshutumu kwa ubaya wowote, ila hana mamlaka ya kusema mkeo amepungukiwa na nini. Bodi peke yake ndiyo yenye mamlaka hayo. Msilipe ada ya kozi yoyote kabla ya kupata uamuzi wa maandishi wa bodi unaotaja pengo. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote lingine katika jibu hili. Wapo walimu waliosoma kozi nzima, wakagundua baadaye kwamba pengo lao lilikuwa moduli mbili na wiki chache za mazoezi. Wengine walisoma kozi ambayo bodi haikuiidhinisha, wakabaki palepale.

Bodi inapima nini hasa

Bodi haiangalii jina la shahada. Inaifungua na kuhesabu vilivyomo. Kwanza urefu. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo ya muda wote huhesabiwa kuwa krediti 60, Uingereza 120, Marekani takriban saa 30 za muhula. Shahada ya miaka 3 ya mkeo haina shida katika nchi ambako shahada ya kawaida ni ya miaka 3, lakini AITSL ya Australia inadai jumla ya miaka 4 ya elimu ya juu, na ndani yake angalau mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu. Huko angepungukiwa na mwaka 1, wala si 2. Mwaka huo ungeweza kuzibwa na stashahada ya uzamili iliyoidhinishwa, na kama alishawahi kusoma yoyote baada ya shahada, hata nyumbani, iwasilisheni. Watu huificha wakidhani haihusiani.

Pili ni maudhui ya somo. Hapa mkeo ana bahati, kwa kuwa ana masomo mawili. Ujerumani, kwa mfano, mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea masomo mawili, na waliotoka nje na somo moja hukwama hapo kwa muda mrefu. Lakini bodi itahesabu kozi za kila somo kivyake. Fizikia ikiwa na kozi chache kuliko hisabati, anaweza kusajiliwa kwa hisabati tu na kuambiwa aongeze fizikia baadaye. Akipewa hivyo, apokee. Akishasajiliwa kwa somo moja anaweza kuajiriwa na kuendelea na la pili akiwa kazini.

Tatu ni mazoezi ya kufundisha, na hapa ndipo maombi mengi mazuri huharibika kwa sababu ndogo. Transkripti nyingi, yaani orodha rasmi za kozi na alama, huandika mstari mmoja: "Mazoezi ya Kufundisha", na alama, basi. Mtathmini akiuona mstari huo hana cha kuhesabu. AITSL inadai siku 45 za mazoezi yaliyosimamiwa. Ontario, ilipoongeza mafunzo yake ya ualimu kuwa mihula 4 mwaka 2015, iliweka siku 80 katika kozi zake. Sasa piga hesabu: mazoezi ya wiki 8 yenye siku 5 kwa wiki ni siku 40. Akiwa alifanya awamu moja, amepungukiwa. Akiwa alifanya awamu mbili, ana siku 80 na hakuna anayejua, kwa kuwa hazikuandikwa popote.

Dawa yake ni barua ya chuo, kwenye karatasi yenye nembo, iliyosainiwa na kupigwa mhuri na ofisi ya msajili au mkuu wa kitivo cha elimu. Iseme tarehe za kila awamu, idadi ya siku, jina la shule, madarasa na umri wa wanafunzi, masomo aliyofundisha, nani alimsimamia, na alikaguliwa mara ngapi akiwa darasani. Msimwachie karani aitunge. Mwandikieni rasimu yenye mambo hayo, wao wahakiki kwenye kumbukumbu zao na kuiandika rasmi. Kama bado ana maandalio ya somo na fomu za ukaguzi za wakati ule, ayatafute; huweza kusaidia pale ambapo chuo kimepoteza faili. Kosa la kuepuka ni kutumia miaka yake 9 ya kazi kuziba hesabu ya mazoezi. Bodi nyingi huvitenganisha: mazoezi ni yale aliyosimamiwa akiwa bado mwanafunzi. Uzoefu wa kazi unahesabika, ila mahali pengine, mathalani katika kumpunguzia kipindi cha majaribio au kumpandisha daraja la mshahara.

Baada ya hapo kuna lugha na mwenendo, nitavigusa punde.

Karatasi, na mpangilio wake

Kuna nyaraka zisizoisha muda na nyaraka zinazooza haraka. Mkizitafuta kwa mpangilio mbaya, ya kwanza itakuwa imekwisha muda siku mnayopata ya mwisho, na mtaanza upya. Transkripti, muhtasari wa kozi na barua ya mazoezi haziishi muda. Anzeni nazo, maana ndizo zinazochelewa. Matokeo ya mtihani wa lugha kama IELTS, ule wa Kiingereza, kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2. Barua ya hadhi njema na hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai hukubalika kwa miezi michache tu, kwa hiyo ziwe za mwisho. Hati ya polisi mara nyingi hutakiwa kutoka kila nchi aliyoishi mwaka mzima au zaidi, hata kama mliiona kuwa ya kupita tu.

Kuhusu chuo kilichounganishwa: kumbukumbu hazipotei kwa sababu ya kuunganishwa, huhamia kwa mrithi. Mwandikieni msajili wa chuo kipya, mkitaja jina la zamani la chuo, namba ya usajili ya mkeo na mwaka wa kuhitimu. Ombeni vitu viwili kwa pamoja: transkripti, na barua fupi inayothibitisha kwamba chuo cha zamani sasa ni sehemu ya hiki. Bila barua hiyo ya pili mtathmini ataona cheti chenye jina moja na transkripti yenye mhuri wa jina jingine, na faili litasimama. Chuo kisipojibu, mamlaka inayosimamia vyuo vikuu au wizara ya elimu ya nchi yenu kwa kawaida hujua kumbukumbu ziko wapi.

Bodi nyingi hudai transkripti itoke chuoni moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri au kwa njia rasmi ya kielektroniki. Mkiifungua "kuangalia tu kama iko sawa", imeshaharibika. Ombeni nakala mbili, moja yenu.

Barua ya hadhi njema hutoka kwa chombo kilichomsajili au kumsimamia nyumbani. Inatakiwa kusema kwamba ni mwalimu anayetambuliwa, anaruhusiwa kufundisha, na hana shauri la nidhamu wala adhabu. Zipo nchi zisizo na chombo cha namna hiyo. Ikiwa hivyo kwenu, msikae kimya mkisubiri muujiza. Iandikieni bodi muulize wanakubali nini badala yake. Mara nyingi ni barua ya wizara au ya mwajiri, pengine pamoja na kiapo. Lakini lazima waseme wenyewe.

Majina nayo. Kama vyeti vina jina la ubini na pasipoti ina jina la ndoa, ambatisheni cheti cha ndoa. Kama tofauti ni ya tahajia tu, herufi moja imezidi au majina yamebadilishana nafasi, hapo kunahitajika kiapo mbele ya wakili. Tafsiri zifanywe na mtafsiri anayetambuliwa na nchi mliyopo. Tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine, hata iwe nzuri kiasi gani, hurudishwa.

Barua za kazi za miaka 9 ziseme cheo, tarehe ya kuanza na kuacha, masomo, madarasa, vipindi kwa wiki, na kama alikuwa wa muda wote. Barua inayosema "alikuwa mwalimu mwaminifu na mchapakazi" inapendeza kusoma lakini haihesabiki.

Na msikubali kamwe "kurekebishiwa" karatasi na wakala. Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha usajili, na waraka mmoja wa kughushi huweza kufunga mlango kwa miaka, hata kama nyingine zote ni halali.

Lugha ya mtihani na lugha ya darasani

Viwango vya lugha kwa walimu viko juu kuliko vya kazi nyingi. AITSL imekuwa ikidai alama 7 katika kusoma na kuandika na 8 katika kuzungumza na kusikiliza kwenye IELTS ya kitaaluma. Majimbo mengi ya Ujerumani yanadai kiwango cha C1 au C2, ngazi mbili za juu kabisa katika kipimo cha lugha cha Ulaya. Angalieni pia kama amesamehewa: baadhi ya bodi humsamehe aliyesoma kwa lugha hiyo, ila huorodhesha nchi, na kuwa na barua ya chuo kwamba masomo yalikuwa kwa lugha fulani hakutoshi kila mahali.

Kufaulu mtihani, hata hivyo, hakumwandai mtu kusimama mbele ya wanafunzi 30 wa miaka 14. Kwa mwalimu wa hisabati kuna jambo ambalo kozi za lugha hazifundishi: namna ya kuandika na kusoma hesabu yenyewe. Ufaransa na Ujerumani desimali huwekwa mkato, si nukta. Kuzidisha huandikwa kwa nukta katika nchi nyingine na kwa alama ya mkasi kwingine. Mpangilio wa kugawanya kwa njia ndefu hutofautiana hata kati ya nchi jirani. Mwalimu anayejua hesabu vizuri kabisa anaweza kuwachanganya wanafunzi ubaoni kwa sababu ya nafasi ya kigawanyo. Mkeo achukue vitabu vya kiada vya huko, kidato cha chini hadi cha juu, asome mifano iliyofanywa kwa sauti, sentensi nzima nzima, kama anayefundisha. Baada ya hapo afanye mitihani ya miaka iliyopita na kusoma miongozo ya usahihishaji. Miongozo hiyo humwonyesha silabasi inathamini nini: jibu, au hatua, au maelezo.

Lipo pia suala la mwenendo na ulinzi wa mtoto, na hapa nasema waziwazi. Katika nchi nyingi adhabu ya viboko shuleni ni kosa la jinai au la nidhamu, pamoja na kofi, kumsukuma mtoto, au kumpigisha magoti. Nchi nyingi pia humwajibisha mwalimu kutoa taarifa akishuku mtoto anadhulumiwa, na kunyamaza ni kosa. Mkeo asome kanuni za maadili za bodi kabla ya usaili wowote. Huulizwa juu ya hayo, na jibu la "nitamwita mzazi tuyamalize" linaweza kumgharimu nafasi mahali ambapo sheria inamtaka atoe taarifa kwa mhusika wa shule siku ileile.

Njia zilizopo baada ya uamuzi

Uamuzi wa bodi kwa kawaida huja katika sura mojawapo: usajili kamili, usajili wenye masharti, au kukataliwa kukiwa na sababu. Usajili wenye masharti watu huupokea kama kushindwa, wakati mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote: anafundisha, analipwa, na anaziba pengo ndani ya muda aliopewa. Ulizeni muda huo ni upi na kama unaweza kuongezwa.

Ulaya hutumia sana njia mbili kwa taaluma zinazosimamiwa na sheria: kipindi cha kuzoea kazi chini ya uangalizi, au mtihani wa kupima uwezo katika maeneo yaliyopungua. Kwa mtu mwenye miaka 9 darasani ambaye lugha yake bado inakua, mimi ningependelea kipindi cha uangalizi. Kinachukua muda mrefu zaidi, lakini kinamfundisha shule yenyewe ilivyo, na kinampa wadhamini wa ndani. Mtihani unamfaa zaidi mwenye lugha imara na asiyeweza kumudu miezi mingi ya kipato kidogo.

England ina utaratibu wake: tangu Februari 2023 huduma ya kuomba hadhi ya mwalimu aliyefuzu ilifunguliwa kwa nchi zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kwa baadhi yao ikawekewa masharti ya somo na umri wa wanafunzi, hisabati na sayansi zikiwa miongoni mwa masomo yaliyokubaliwa. Wasio kwenye orodha wana njia nyingine, na mwalimu aliyefuzu nje huweza kufundisha katika shule za serikali hadi miaka 4 kabla ya kuipata hadhi hiyo. Uswidi ilianzisha njia ya haraka kwa walimu wahamiaji mwaka 2016, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, kikaanza programu ya walimu wakimbizi. Nazitaja ili muulize swali sahihi mlipo: je, kuna programu ya kuziba pengo kwa walimu waliosomea nje, iliyoidhinishwa na bodi? Zikiwepo, huwa fupi kuliko kozi kamili, na nyingine zinafadhiliwa. Kwa kuwa hisabati na fizikia ni masomo yenye uhaba wa walimu katika nchi nyingi, ulizeni pia kama kuna vibali vya muda kwa masomo ya uhaba.

Kusoma upya kikamilifu kunabaki kuwa chaguo halali katika hali chache: kama bodi imesema mafunzo yake ya ualimu hayahesabiki kabisa, kama chuo chake hakipatikani wala kumbukumbu zake, au kama yeye mwenyewe anataka. Hata hapo aombe kupunguziwa kozi alizokwishasoma, kabla ya kujiandikisha. Baada ya kujiandikisha ombi hilo hukataliwa kirahisi.

Kazi ya msaidizi wa mwalimu

Ningemshauri aichukue, kwa masharti. Itampa lugha ya darasani, atajua ratiba, atajua vikao na wazazi, na mkuu wa shule atakuwa mdhamini anayejulikana nchini. Hatari yake ni kuzama humo. Saa za msaidizi hazihesabiki kuwa mazoezi yaliyosimamiwa isipokuwa kama bodi imekubali kabla, na mtu huweza kukaa miaka akisogeza viti na kutoa nakala za karatasi huku ujuzi wake ukilala. Kabla ya kusaini aongee na mkuu wa shule. Amweleze wazi kwamba ni mwalimu aliyefuzu anayefuata usajili, na aombe mambo haya: awekwe kwenye madarasa ya hisabati au fizikia, afundishe sehemu ya kipindi mbele ya mwalimu wa darasa, atazamwe na kuandikiwa maoni kila muhula, na siku moja au nusu ya wiki iwe huru kwa masomo ya lugha. Mkuu wa shule mwenye uhaba wa walimu wa fizikia atasikiliza. Na wekeni tarehe ya kupima upya, tuseme mwisho wa mwaka wa shule: je, maombi yake bodi yamesogea? Kama hayajasogea kwa sababu kazi inamchosha, apunguze saa.

Wewe umsaidieje

Chukua karatasi. Si kwa kumfanyia maamuzi, bali kwa kufanya ile kazi inayochosha: kufuatilia msajili, kuandika kila barua ilitumwa lini na nani alijibu, kuweka nakala za kidijitali za kila ukurasa mahali pawili, kukumbuka tarehe za kuisha muda. Mpe na saa za kusoma lugha ambazo haziingiliwi, hata kama ni saa moja kila jioni, watoto wakiwa kwako. Na mbele ya watu mtambulishe kama mwalimu. Aliyezoea kuitwa "mwalimu" miaka 9 akikaa mwaka mzima bila kuitwa hivyo huanza kuamini kwamba hakuwahi kuwa.

Barua yenu ya kwanza kwa bodi inaweza kuwa fupi hivi: "Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia niliyesomea nje. Naomba kujua nyaraka zote mnazohitaji kwa usajili wa sekondari, nyaraka mbadala mnazokubali pale ambapo chuo kimeunganishwa, na kama ada hurudishwa ombi likikataliwa. Baada ya tathmini naomba uamuzi wa maandishi unaotaja upungufu kwa somo, kwa mafunzo ya ualimu na kwa mazoezi, na njia mnazozikubali za kuuziba."

Lini mwende kwa mtu ana kwa ana

Mkipata barua ya kukataliwa, angalieni kwanza tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Mara nyingi ni wiki chache tu kutoka siku mliyopokea barua, na ikipita, hoja nzuri haisaidii tena. Siku hiyohiyo wekeni miadi na wakili mwenye leseni au kituo cha ushauri wa utambuzi wa vyeti. Nchi nyingi zinavyo, na vingi ni vya bure. Chama cha walimu nacho huwa na mtu anayejua mambo haya, hata kwa asiye mwanachama bado.

Nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyeidhinishwa kama viza ya mkeo inamtegemea wewe, kabla hajasaini mkataba wowote, kwa kuwa viza nyingine huzuia aina au saa za kazi. Wasomaji wengine wa jibu hili ni wakimbizi: ninyi msiwasiliane na ofisi za serikali mliyoikimbia ili kutafuta barua kabla ya kuongea na mwanasheria. Zipo njia za kutathminiwa bila nyaraka kamili, kama pasi ya sifa kwa wakimbizi ya Baraza la Ulaya iliyoanza 2017, ambayo hutegemea mahojiano na nyaraka zilizopo. Haitoi leseni, lakini inamsaidia mwenye faili tupu kupata pa kuanzia.

Na kama mkeo amekosa usingizi, hali chakula, au ameacha kuongea juu ya kesho kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa daktari. Bodi inaweza kusubiri mwezi mmoja. Transkripti haziishi muda.